Sura zetu ni zetu: juu ya telefoni yangu mpya na tovuti yetu mpya

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohamishwa, mashefu na wajumbe wa kamati za amani, Kalemie, jimbo la Tanganyika

Nawasalimu ninyi mliotoka Nyunzu, Kabalo, Manono na Kongolo, na ninyi mliokuja kwa boti kutoka Kivu ya Kusini mwaka 2025.

Leo nina habari mbili. Ya kwanza ni kwamba nimenunua telefoni mpya. Ya pili ni kwamba shirika letu limeitengeneza upya tovuti yake, yaani kurasa zake kwenye intaneti. Najua wengine wanajiuliza: mambo hayo yanatuhusu nini sisi tunaolala chini ya shiti? Yanawahusu sana. Ndani ya tovuti ile mna sura zenu, majina yenu na majina ya vijiji vyenu. Nimekuja kuwaeleza tuliyoyabadilisha, na kuwaomba uamuzi wenu juu ya yale yaliyobaki.

Furaha ya telefoni

Nianze na furaha, maana sioni sababu ya kuificha. Kwa miaka mingi nilitembea na telefoni ndogo ya kubonyeza. Nilipokuwa mwanafunzi Lubumbashi, kuingia kwenye intaneti kulikuwa ni kwenda sibakafe, kulipa kwa saa, na kungoja ukurasa ufunguke. Mara nyingi saa iliisha kabla hujamaliza kusoma barua yako. Leo nashika telefoni ya kugusa, ile tunayoiita androidi, na kazi ileile naifanya nikiwa nimekaa juu ya gunia la mihogo kando ya barabara, nikingoja pikipiki.

Ndani yake mna ramani. Naihifadhi nikiwa mjini, na hata mahali pasipo mtandao alama ya bluu inanionyesha nilipo, kwa sababu telefoni hupokea ishara za satelaiti yenyewe, bila kuhitaji mnara. Mna taa, na kila mtu hapa anajua thamani ya taa usiku. Mna kamera, na namwona mama yangu tukizungumza, hata kama sura yake inakatika-katika. Kuna jambo moja tu linalonichosha: telefoni imezoea Kifaransa, na nikiandika "baraza" inataka kuniandikia "bazar". Tumepigana nayo wiki nzima, sasa imeanza kujifunza.

Lakini kinachonifurahisha kuliko vyote ni kurekodi sauti. Mzee akikubali, narekodi maneno yake kwa Kiluba kama alivyoyasema, kisha nampa asikilize mwenyewe. Mzee mmoja alijisikiliza mara tatu, halafu akaniambia: "Hapo katikati nilisema vibaya. Futa, nianze tena." Tukafuta, akaanza tena. Nawaomba mlikumbuke neno la mzee huyo. Zamani yeye alisema, mimi nikaandika kwa Kifaransa kwenye daftari, na karatasi ikaenda zake. Hakuwa na njia ya kunisahihisha. Sasa anayo. Mengi nitakayosema leo yanatoka katika jambo hilo: mtu aweze kuisahihisha habari yake mwenyewe.

Tena telefoni hii si mgeni kabisa kwetu. Betri yake imetengenezwa kwa lithiamu, na lithiamu nyingi imo katika ardhi ya Manono. Betri nyingi za namna hiyo hutumia pia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Koltani hutoa tantali, na tantali hutumika katika vipande vidogo sana vinavyotunza umeme ndani ya telefoni. Bati lililochimbwa Manono tangu wakati wa Wabelgiji ni madini ya aina ileile inayounganisha vipande hivyo. Wazee wanakumbuka mwaka 2000, bei ya koltani ilipopanda ghafla na vijana wengi wa Kivu wakaacha mashamba kwenda kuchimba, kisha mwaka 2001 bei ikaanguka. Mawe yalitoka kwetu, yakavuka bahari, yakarudi yakiwa na kioo, nasi tukayanunua kwa fedha nyingi. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba mambo ya telefoni na intaneti ni ya wageni, na kwamba sisi kazi yetu ni kupigwa picha tu.

Tovuti ya zamani ilisema nini

Tovuti ya kwanza duniani ilitengenezwa na Mwingereza, Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti kilicho karibu na Geneva. Watu wa nje walianza kuifikia mwaka 1991. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba kila mtu anaweza kuutumia ufundi huo bila kulipa. Ndiyo sababu hata shirika dogo la Kalemie linaweza kuwa na kurasa zake.

Lakini kurasa zetu za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya wageni wanaotoa msaada. Hilo si ajabu, kwa maana bila wao kazi nyingi zisingefanyika. Ajabu ni jinsi sisi wenyewe tulivyoonekana mle. Ukurasa wa kwanza ulifunguka kwa picha kubwa ya mama mmoja aliyekaa mbele ya kibanda cha majani, na mtoto mapajani. Picha hiyo ilipigwa na mgeni miaka kadhaa kabla mimi sijaanza kazi hapa. Chini yake palikuwa na jina la mama, jina la kijiji chake, kabila lake, na neno "mhanga".

Mwanawe, ambaye sasa anasoma mbali, aliiona kwa telefoni ya rafiki yake. Alimpigia mama yake, na mama akaja kwangu. Hakuja na hasira. Aliniuliza hivi: "Siku ile nilikuwa na homa. Homa iliisha. Sasa nina shamba la mihogo, na deni langu nimelilipa. Kwa nini huko ndani bado mimi ni mgonjwa?"

Ndugu zangu, swali hilo lilitufanyisha kazi miezi kadhaa. Na jambo si haya tu, ni usalama pia. Mnajua kuliko mimi jinsi mapigano kati ya Batwa na Baluba yalivyowaka mwaka 2016 na 2017, na vijiji vikateketezwa. Mtu aliyetoa ushuhuda akiwa hapa Kalemie anatazamia siku moja kurudi nyumbani na kulima karibu na jirani yuleyule aliyemtaja. Jina, sura, kijiji na kabila vikiwekwa mahali pamoja, kila mwenye kinyongo anaweza kumtafuta. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Picha iliyokwisha kutoka kwenye intaneti yetu inaweza kuwa imehifadhiwa katika telefoni mia moja. Tunaweza kuiondoa kwetu, hatuwezi kuiondoa kote. Kwa hiyo kazi kubwa ni ile inayofanywa kabla ya kuitoa.

Mambo matano tuliyobadilisha

La kwanza ni uzito. Picha moja kutoka telefoni kama yangu inaweza kufika mega 4. Ukiweka picha 10 za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, mtu anayeufungua anamaliza mega 40, na mega hizo anazinunua. Kwa hiyo tumepunguza kila picha mpaka sehemu ndogo ya mega moja, na maneno yanafunguka kwanza, picha zinafuata. Kijana aliyetusaidia alikuwa na kompyuta nzuri, na kwake kila kitu kilifunguka upesi. Tulimwomba aiache kompyuta mezani, atoke nje, ajaribu kwa telefoni ya zamani juani, mtandao ukiwa dhaifu. Alirudi, akafuta nusu ya mapambo.

La pili ni lugha na mpangilio. Kiswahili kinatangulia, Kifaransa kinafuata. Zamani ulikuta kwanza "miradi yetu" na "washirika wetu". Sasa unakuta kwanza maswali mnayotuuliza kila siku: kamati ya amani iliamua nini? Nikiwa na malalamiko juu ya ugawaji, nimwone nani? Fedha zilizokuja zilifanya kazi gani? Ripoti kwa watoa msaada ziko, lakini nyuma. Aliye na haja nazo atazipata.

La tatu ni sura na majina. Hatuweki tena sura ya mtu pamoja na jina lake, kijiji chake na kabila lake. Kabla ya kupiga picha tunaomba ruhusa kwa lugha anayoisikia mtu vizuri, tunamwonyesha picha yenyewe kwenye kioo, na tunamweleza kwamba inaweza kuonekana Lubumbashi, Kinshasa na Ulaya. Akikataa, hakosi unga wala mafuta kwa sababu hiyo. Akikubali leo na kubadili mawazo mwakani, tunaiondoa. Kwa watoto tunauliza wazazi, tena tunamtazama mtoto mwenyewe, kwa maana mtoto anayejificha amekwisha kutujibu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Telefoni inaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa namba za satelaiti zilezile zinazonisaidia kwenye ramani. Mtu mwenye ujuzi akiipata picha hiyo anaweza kujua ni nyumba ipi, hata kama hukuandika jina la kijiji. Kila mwenye androidi aliyeko hapa anaweza kulizuia. Fungua kamera, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu inayohusu mahali, uizime. Vijana watawaonyesha baada ya mkutano.

La nne ni wakati. Zamani tovuti ilitangaza kwamba siku fulani, mahali fulani, familia kadhaa zitapokea mabati na vyungu. Tangazo la namna hiyo linasomwa pia na mwizi. Sasa siku ya ugawaji inatangazwa kwa mdomo, kupitia mashefu na kamati. Kwenye tovuti tunaandika baada ya kazi kwisha, bila kutaja nyumba ya mtu.

La tano ni karatasi. Mnakumbuka kwamba intaneti ilikatwa katika nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, na ikakaa hivyo karibu siku 20. Mwezi wa Januari 2015 pia ilikatwa, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Yale yaliyo kwenye tovuti peke yake yanaweza kufungwa siku moja kama duka. Kwa hiyo kila uamuzi wa kamati utachapwa na kubandikwa ubaoni, na pale ambapo wengi hawasomi utasomwa kwa sauti. Tena tunajua kwamba katika nyumba nyingi telefoni ni moja, na iko mfukoni mwa baba. Mama mwenye neno la kusema asilazimishwe kupita katika telefoni ya mumewe. Siku ya kupokea malalamiko ana kwa ana inabaki palepale, na mhudumu wa kike atakuwapo.

Mambo haya si ukarimu wetu. Ibara ya 31 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake. Tena kuna sheria ya mambo ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inagusa pia ulinzi wa habari za mtu binafsi. Kuishi ukiwa umehamishwa hakukuondolei haki hizo.

Telefoni na uvumi

Sasa niseme juu ya telefoni zenu ninyi. Jioni moja picha ya nyumba zinazoungua iliingia katika telefoni nyingi za kambi moja. Sauti ya mtu asiyejulikana iliifuata, ikisema kwamba ni kijiji fulani upande wa Nyunzu, na kwamba kabila fulani ndilo lililochoma. Vijana walianza kukusanyika. Mjumbe mmoja wa kamati ya amani alikuwa na namba ya shefu wa kijiji kilichotajwa. Alimpigia kwa telefoni ndogo ya kubonyeza, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Shefu akajibu: "Niko nyumbani, ninakula. Nani anasema tumeungua?" Picha ilikuwa ya mahali pengine na ya wakati mwingine. Vijana wakaenda kulala.

Angalieni kilichofanya kazi pale. Telefoni kubwa ndiyo iliyoleta moto, na telefoni ndogo ikauzima, kwa sababu kamati ilikuwa na namba za watu wa pande zote mbili kabla ya siku mbaya. Ndiyo maana naomba kila kamati iwe na orodha hiyo, iandikwe karatasini, ishikwe na watu wawili wanaoaminika, isiwekwe kwenye kundi la WhatsApp.

Ujumbe ukikujia, uliza maswali matatu kabla ya kuutuma mbele. Nani ameona kwa macho yake? Aliona lini? Aliona wapi? Mjumbe akijibu "nimetumiwa tu", basi hakuna aliyeona. Tazama pia juu ya ujumbe wenyewe. WhatsApp inaweka mishale miwili pamoja juu ya ujumbe uliopitishwa mkono kwa mkono mara tano au zaidi, na tangu mwaka 2020 ujumbe kama huo hauwezi kutumwa ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Mishale hiyo haisemi kwamba habari ni uongo. Inasema tu kwamba aliyekutumia si aliyeitunga, na pengine hamjui aliyeitunga.

Msiache redio pia. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa bado imegawanyika kwa vita, na ilitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa ili mtu wa upande huu asikie habari za upande ule. Wale waliofanya kazi hiyo walikuwa na desturi moja tunayoweza kuiiga hata bila redio: kuuliza upande wa pili kabla ya kusema.

Tunaomba nini leo

Namaliza na kazi. Picha zote zilizokuwa kwenye tovuti ya zamani tumeziondoa kwa muda, na tumezichapa. Ziko katika daftari tatu juu ya meza ile. Yule mama niliyemtaja amekwisha kuamua habari zake. Picha ya zamani iondolewe, na ipigwe nyingine akiwa shambani, amesimama, bila jina la kijiji. Yeye ndiye aliyechagua hata kitambaa cha kichwani.

Kwenu ninyi tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila familia ipite mezani, itazame, na iseme juu ya kila picha yake: ibaki, iondolewe, au maneno yake yabadilishwe. Asiyejua kusoma atasomewa maneno yaliyo chini ya picha, neno kwa neno. Picha ambayo mwenyewe hapatikani haitarudishwa. Pili, kila kamati ichague watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, watakaosoma habari zote za sehemu yao kabla hatujaziweka kwenye tovuti. Wakisema "hapo si kweli", tutasahihisha kwanza. Tatu, mashefu wetu watusaidie kuwafikia wale waliokwisha kurudi vijijini, kwa sababu sura zao nazo zimo katika daftari, na wao ndio walio karibu zaidi na hatari.

Kazi hii haitaisha leo. Watu ni wengi, na daftari ni tatu tu, kwa hiyo tutaanza na wazee na mama wenye watoto wadogo, kisha wengine kwa zamu. Wenye androidi wakae upande wa kulia pamoja na vijana wetu, wafundishwe kuzima alama ya mahali kwenye kamera.

Mheshimiwa shefu, nakuomba ufungue daftari la kwanza.